Giethoorn kwa Siku Moja: Kutoka Kumi Hadi Moja, na Moja Ndiyo Kubwa

Giethoorn ni kijiji cha Uholanzi, mkoa wa Overijssel, chenye wakazi wasiofika 3,000 na madaraja yanayozidi 170. Gawanya mwenyewe: kila watu kumi na saba hivi, daraja moja. Katika sehemu yake kongwe hakuna barabara ya gari. Kuna mfereji, kuna njia ya miguu kando yake, na kuna bata wanaotembea kama wenye hati ya kiwanja.

Mabasi ya watalii huwashusha watu hapo, wakapiga picha, wakanunua aiskrimu, wakaitwa warudi garini. Mimi nawapigia debe jambo jingine: safari binafsi ya siku moja, gari lenu, mwongozaji wenu, ratiba yenu. Sisemi hivi kwa ajili ya ufahari. Kijiji hiki kinapendeza mno kwa macho, na hapo ndipo ugumu wake ulipo, kwa sababu uzuri ule unawatosha wengi wakasahau kuuliza umetoka wapi. Anahitajika mtu wa kusimulia, na mtu huyo apewe muda. Nimepanga mambo kumi kutoka jepesi hadi zito. Mwenye haraka anaweza kurukia namba moja, ila atakosa chakula.

10. Msiende kutafuta Venisi

Waholanzi wenyewe wamekipa kijiji hiki sifa ya kuwa Venisi yao, na matangazo yote yanairudia. Sifa nzuri, anwani potofu. Venisi ilijengwa na wafanyabiashara waliotajirika kwa hariri na viungo, wakasimamisha makasri ya mawe juu ya maji. Giethoorn ilichimbwa na maskini waliokuwa wakitafuta kitu cha kuwasha motoni wakati wa baridi. Venisi ilisafirisha mabalozi kwa gondola. Giethoorn ilisafirisha ng'ombe kwa boti, na ng'ombe hawakuwahi kulalamikia nauli. Nendeni mkijua mnakwenda kuona kijiji cha wafanya kazi kilichopendeza baadaye.

9. Mfuko uwe mwepesi, koti liwe zito

Koti la mvua, hata Julai. Viatu vyenye soli inayoshika, maana madaraja ni ya mbao na mbao zikilowa huteleza. Kadi ya benki, kwa kuwa sehemu nyingi za Uholanzi hazitaki tena kuona noti. Mwavuli uacheni hotelini: mwavuli ni wa mvua inayoanguka, na mvua ya Uholanzi hutembea kwa ubavu.

8. Ombeni mpite njia ya chini ya bahari

Kutoka Amsterdam ni takribani kilomita 120, saa moja na nusu kwa gari. Watu wengi hulala njiani. Jamani, msilale! Hii ni nusu ya safari.

Mkishavuka daraja la Hollandse Brug na kuingia mkoa wa Flevoland, mnaendesha gari mahali palipokuwa sakafu ya bahari. Zuiderzee ilikuwa ghuba kubwa ya maji ya chumvi iliyoingia hadi katikati ya nchi, ikilisha wavuvi mwaka huu na kuzamisha vijiji mwaka unaofuata. Mwaka 1932 Waholanzi walimaliza kuifunga kwa Afsluitdijk, tuta lenye urefu wa kilomita 32, na ghuba ikageuka ziwa la maji baridi. Kisha wakaanza kulikausha vipande vipande: Noordoostpolder mwaka 1942, Flevoland ya Mashariki 1957, Flevoland ya Kusini 1968. Mji wa Almere, mtakaoupita upesi, ulipata nyumba zake za kwanza mwaka 1976 na leo una watu zaidi ya 200,000. Wapo babu wenye umri mkubwa kuliko mji huo ambao bado wanacheza mpira Jumapili.

Matrekta ya huku yamekuwa yakigonga mabaki ya meli, na yaliyopatikana ni mamia. Mkulima anakwenda kupanda viazi, anakutana na mkuku wa meli iliyozama karne kadhaa zilizopita. Siku hiyo viazi husubiri.

Mtu aliyechora mpango wa kuifunga ghuba hii ni mhandisi Cornelis Lely. Aliutoa mwaka 1891, watu wakausifu na kuuweka kabatini. Ikabidi mafuriko ya mwaka 1916 yaje ndipo bunge lipitishe sheria yake mwaka 1918. Lely alifariki mwaka 1929, miaka mitatu kabla tuta halijafungwa. Mji wa Lelystad umebeba jina lake. Kama mwongozaji wenu hajamtaja mzee huyu mpaka mkauona mji wenyewe, mguseni bega.

Na mkiwa na nusu saa ya ziada, mwambieni akate kona kuelekea Schokland. Kilikuwa kisiwa. Bahari ilikimega kidogo kidogo hadi mwaka 1859 serikali ikaamuru wakazi wote wahame. Leo kimekaa katikati ya mashamba, kimeinuka kidogo tu juu ya ngano na viazi, kikiwa na bandari ya zamani isiyo na maji ya kuelea hata kifuu cha nazi. Mwaka 1995 kilikuwa mahali pa kwanza pa Uholanzi kuingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Basi la watu hamsini mara nyingi halina muda na Schokland. Gari lenu linao.

7. Litangulieni basi kubwa

Fikeni kabla ya saa nne asubuhi. Kati ya saa tano na saa kumi, hasa Julai na Agosti, mfereji mkuu hujaa boti hadi zinagusana pua, na kila boti ina mtu mmoja anayesukuma nyingine kwa mguu huku akiomba radhi kwa lugha isiyoeleweka. Siku za kazi za Mei, Juni na Septemba ni bora zaidi. Maji yakiganda wakati wa baridi, boti hukaa na wanakijiji hutoka na viatu vya kutelezea barafuni. Bahati hiyo haipangwi, na barafu nzuri haiji kila mwaka.

Hapa ndipo safari binafsi inapojilipa yenyewe. Gari lenu linaweza kuondoka saa moja na nusu asubuhi. Basi kubwa huondoka abiria wa hamsini anapomaliza kifungua kinywa.

6. Mchujeni mwongozaji kabla hajawachuja ninyi mfukoni

Bei ya safari binafsi mara nyingi ni ya gari zima, si ya kichwa. Wawili wataiona chungu. Shangazi, wajomba na watoto wakijaza gari dogo la abiria, mgawo unaweza kukaribia nauli za basi. Pigeni hesabu kwa kalamu na karatasi kabla ya kukata tamaa.

Kabla ya kulipa, ulizeni haya kwa maandishi: boti imo ndani ya bei au mtailipia pale? Chakula je? Maegesho je? Na swali linalosahaulika: huyo anayekuja ni mwongozaji anayeendesha gari, au ni dereva tu? Dereva atawafikisha kwenye maegesho, atawaonesha kidole mfereji ulipo, na ataingia kusoma gazeti. Ni kazi ya halali, lakini hamkuilipia hiyo. Ulizeni pia kama atapanda boti pamoja nanyi. Jibu likianza na "inategemea", tafuteni mwingine.

Kuna kipimo cha kumjua aliye bora. Kila mwongozaji atawapa kisa cha pembe za mbuzi: kwamba walowezi wa kwanza walipochimba udongo walikuta pembe nyingi za mbuzi, wanaodhaniwa kufa katika mafuriko makubwa ya mwaka 1170, na kijiji kikapata jina lake hapo. Kisa kitamu. Wa kawaida anaishia hapo na kucheka. Aliye bora anasubiri mmalize kucheka, kisha anauliza: na kwa nini walikuwa wakichimba?

Huyo huyo atawaeleza pia kuhusu *Fanfare*, filamu ya Bert Haanstra ya mwaka 1958 iliyopigwa hapa na kukifanya kijiji kijulikane Uholanzi nzima. Ni hadithi ya bendi ya tarumbeta ya kijiji inayogawanyika pande mbili zenye chuki, kila upande ukijifua kwa siri ili kushinda mashindano. Bibi zetu waliokuwa wakishabikia ngoma ya beni mwambao, Marini huku na Arinoti kule, wangeielewa bila tafsiri, na wangeshika upande kabla ya dakika ya kumi. Mgahawa mmoja pale kijijini umechukua jina la filamu hiyo hadi leo.

5. Pandeni boti, na muwe na adabu ya majini

Chaguo ni tatu. Kuna boti kubwa lililofunikwa, lenye nahodha na vipaza sauti. Linawafaa wazee siku ya mvua. Kuna boti ndogo za umeme mnazoendesha wenyewe bila leseni, zisizo na kelele. Na kuna punter.

Punter ni boti ndefu ya mbao, tumbo bapa, iliyoinuka omo na tezi, inayosukumwa kwa upondo. Msomaji wa pwani hahitaji somo zaidi. Upondo ni upondo. Kwa karne nyingi hii ndiyo iliyokuwa baiskeli, lori na teksi ya kijiji. Ilibeba nyasi kavu za mifugo, maziwa, barua, mchungaji, bibi harusi, na mwisho wa yote jeneza. Bado wapo mafundi wanaozitengeneza eneo hili. Mkipata mwenyeji wa kuwasukuma hata nusu saa, lipeni kwa furaha: mtaona jinsi upondo unavyozama taratibu kwenye tope, na mtaelewa kwa mwili, kabla ya kuelezwa kwa maneno, kwamba chini ya maji haya kuna udongo wa aina yake.

Kwa wengi boti ya umeme ndiyo itakuwa chaguo. Basi, kanuni. Kwenye maji ya Uholanzi watu hukaa upande wa kulia. Ndugu wa Bujumbura, Kigali na Bukavu wataona kawaida. Wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wakumbushwe kila kona. Usukani apewe mtu mtulivu, si mtu anayetaka kuonesha. Watoto na bibi wakae katikati. Mikono iwe ndani mnapopita chini ya daraja. Maji ya mifereji yana kina cha takribani mita moja tu, kwa hiyo ukianguka, simama. Kinachozama kweli ni simu.

Mwongozaji akiwa ndani ya boti ndipo fedha yenu inapofanya kazi. Anashika usukani mkipiga picha, anasimulia mkishika usukani. Anajua lini mfereji mkuu umejaa na mchepuko upi uko wazi. Mwombeni mtoke hadi ziwa la Bovenwijde, pembeni mwa kijiji, mahali ambapo mfereji mwembamba unafunguka ghafla na mbingu inakuwa kubwa. Kule upepo husukuma boti bapa kama unavyosukuma jani, kwa hiyo msikilizeni anaposema geuza. Na kama mna saa mbili badala ya moja, fikeni Dwarsgracht, upande wa magharibi. Ni kijiji kidogo cha mifereji vilevile, paa za matete vilevile, ila wageni ni wachache na kuku ni wengi. Kama ningelazimishwa kuchagua kimoja, ningechagua hicho.

4. Kuleni, lakini ulizeni kikaango

Chakula cha hapa ni chapati za maji za Kiholanzi, pannenkoek, kubwa kuliko sahani iliyozibeba. Za tufaha ni nzuri. Za jibini ni nzuri zaidi, na juu mnamimina shira nyeusi nzito. Watoto wataomba kuhamia huku moja kwa moja.

Kwa wanaokula halali: nyingi huwekwa nyama ya nguruwe, na kutoiona juu hakumaanishi haikupita kwenye kikaango. Ulizeni vyote viwili, chapati na kikaango. Supu nzito ya njegere ya wakati wa baridi, inayopendwa mno, nayo kwa kawaida hupikwa na nguruwe. Vipande vya samaki vilivyochovywa kwenye unga na kukaangwa, kibbeling, ni rafiki wa wengi.

Mtaonyeshwa pia mkunga wa kukaushwa kwa moshi, chakula cha asili cha wavuvi wa ukanda huu. Mimi simli na nawashawishi msimle: mkunga wa Ulaya yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Keki ya tufaha haimo katika orodha hiyo. Agizeni kipande cha pili kwa dhamiri safi.

Na mkibeba chakula cha nyumbani, jueni tu kwamba pilau ikifunuliwa ndani ya boti hunukia hadi daraja la tano.

3. Inueni shingo, tazameni paa

Nyumba nyingi kongwe zimeezekwa kwa matete. Yanakatwa wakati wa baridi katika mabwawa yanayozunguka kijiji, yakiwa yamekauka yamesimama, yanafungwa mafungu, kisha fundi anayapanga na kuyagonga hadi uso wa paa unakuwa laini. Paa iliyoezekwa vizuri hudumu miaka thelathini na zaidi. Paa nene hivyo huhifadhi joto Januari na huleta ubaridi Julai. Wale waliokulia chini ya makuti watatikisa kichwa kwa heshima, kisha watauliza bei. Waulizeni mafundi, ni kubwa.

Angalieni pia umbo. Katika nyumba nyingi za wakulima, ghala la nyuma limepanda juu kuliko sehemu ya kuishi ya mbele, hadi paa inaonekana kama mgongo wa ngamia. Sababu ni ya kimkulima kabisa: mavuno ya nyasi yaliongezeka, kisiwa kidogo ambacho nyumba imekaa juu yake hakikuongezeka. Ukishindwa kupanuka unapanda. Hata madaraja yameinuliwa mgongo kwa ajili ya nyasi hizo hizo, ili boti iliyosheheni nyasi ipite chini bila kuacha nusu ya mzigo.

Ingieni kwenye jumba la makumbusho la 't Olde Maat Uus, nyumba ya mkulima iliyohifadhiwa kando ya njia kuu ya miguu. Kumbukeni mnapoona ukubwa wa vyumba kwamba chini ya paa moja kama hii waliishi watu, ng'ombe na chakula cha ng'ombe. Wavulana warefu wainame milangoni.

Halafu kuna kanisa, na hapa nawaita wasomaji wa Musoma na Shirati. Giethoorn kwa karne nyingi imekuwa kijiji cha Wamennonite, wafuasi wa Menno Simons, kasisi wa Witmarsum katika mkoa jirani wa Friesland, aliyeliacha Kanisa Katoliki mwaka 1536 akisisitiza ubatizo wa watu wazima na kukataa upanga. Kanisa la Mennonite Tanzania, lililoanza na wamisionari Wamarekani waliofika mwaka 1934, limebeba jina la mtu huyo huyo. Watu waliokuwa wakifukuzwa kwa imani yao walipapenda mahali penye maji na tope kwa sababu askari hawakupapenda. Kama mwongozaji wenu anaweza kuwaelezea hilo mbele ya mlango wa kanisa, mwongezeeni kidogo jioni.

2. Kumbukeni kuna mtu anapika nyuma ya lile dirisha

Mwaka 2015 Giethoorn iliwekwa kwenye ubao wa toleo la dunia la mchezo wa Monopoly, ikakaa na miji mikuu yenye mamilioni ya watu. Sifa tamu, ila wakazi hawakuwahi kuwa vipande vya mchezo. Wageni hufika kutoka pande zote za dunia, wengi mno kutoka China, na kijiji hakijapanuka hata hatua moja.

Kwa hiyo: madaraja mengi kati ya yale mnayoyaona yanaishia kwenye uwanja wa mtu. Si ya kupigia picha ya harusi. Penye kibao cha faragha, hapapitiki, hata kama maua yanawaita kwa majina. Usichungulie dirishani, pazia za Waholanzi huwa wazi, macho yako yasiwe. Ndege za kamera ziacheni nyumbani. Salimieni. Sisi ni watu wa kusalimia, tusiingie kijiji cha watu tukiwa na simu mbele ya uso kama kinyago.

Mkazi wa hapa akinunua kabati, linakuja kwa boti au kwa mkokoteni juu ya madaraja yote hayo. Akitaka kwenda dukani Jumamosi ya Agosti, anapita katikati yenu. Mpisheni. Amefanya kazi kubwa kubaki hapa, na kubaki kwake ndiko kunakofanya kijiji kiwe kijiji.

1. Ulizeni maji haya yametoka wapi

Sasa lile kubwa. Mifereji ya Giethoorn haikuchimbwa ili ipendeze, na maziwa yanayoizunguka hayakuumbwa pamoja na dunia. Yote ni kazi ya uchimbaji.

Hapa palikuwa na bwawa kubwa la mboji: udongo mweusi wa mimea iliyokufa na kulundikana majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza yote. Mboji ikikaushwa inawaka. Miji ya Uholanzi, iliyokuwa na misitu michache, iliipikia, ikaotea moto, ikachomea matofali na kuchemshia bia. Umaarufu wa karne ya 17, picha zake, meli zake, ulipashwa joto kwa kiasi kikubwa na udongo uliotolewa na watu wa vijiji kama hiki.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamume alisimama ukingoni au kwenye boti, akashika mti mrefu wenye pete na wavu mwishoni, akauzamisha, akakwangua tope la chini, akalivuta juu. Tope lilichanganywa, likamwagwa juu ya ukanda mwembamba wa ardhi ulioachwa kati ya shimo na shimo. Hapo likakanyagwa kwa mbao zilizofungwa miguuni hadi likashikamana, likakatwa vipande kama matofali, likageuzwa, likapangwa, likakauka. Wanawake na watoto walikuwa katika kazi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha boti, kupitia mifereji iliyochimbwa kwa ajili hiyo, hadi bandari ndogo kama Blokzijl, na toka hapo kuvuka Zuiderzee kwenda mijini. Blokzijl bado ina bandari yake nzuri na nyumba za karne ya 17, lakini tangu Noordoostpolder ilipokaushwa haina bahari mbele yake. Ni kilomita chache kutoka Giethoorn. Mwongozaji anayeacha kuwapitisha anawapunja.

Mboji ni mali, na mali huchokoza. Mashimo yakapanuliwa, kanda za kukaushia zikabanwa ziwe nyembamba, kila mtu akitaka futi moja zaidi. Upepo ukayaona mapengo. Dhoruba ya mwaka 1776 ilipiga, kanda zikabomoka, mashimo yakaungana yakawa maji mamoja, na kijiji cha Beulake, jirani wa Giethoorn, kikazama kikaachwa. Mahali pake leo ni ziwa, Beulakerwijde, na watu huendeshea mashua za tanga juu yake. Mafuriko ya mwaka 1825 yakaja kuongeza. Watalii wengi wanaopiga picha ya maziwa hayo wanadhani wanapiga picha ya asili. Wanapiga picha ya kazi ya mikono, na ya bei yake.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niipende pembe hii ya dunia. Mashimo yaliyoachwa yakaanza kuota matete, na matete yakaleta ukataji, wavuvi, ndege. Leo eneo lote ni hifadhi ya taifa ya Weerribben-Wieden, takribani hekta 10,000. Weerribben ilitangazwa mwaka 1992 na Wieden ikaongezwa mwaka 2009. Fisi maji walitoweka Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1980, wakarudishwa hapa kuanzia mwaka 2002, na sasa wameenea hadi mikoa mingine. Kuna kipepeo mwekundu wa rangi ya shaba mpya ambaye aina yake ndogo imebaki katika kona hii ya Uholanzi tu. Na haya yote yanahitaji mtu mwenye mundu: matete yasipokatwa, vichaka huingia, msitu hufuata, kipepeo huondoka. Mkata matete anaezeka nyumba ya jirani na kumlinda kipepeo kwa pigo moja.

Sababu ya kuliweka jambo hili juu ya orodha si ya Kiholanzi peke yake. Rwanda imechoma mboji kuzalisha umeme, Gishoma na Gisagara. Burundi imeichimba kwa miongo kadhaa. Na katikati ya bonde la Kongo, pande zote mbili za mto, lipo bwawa la mboji la kitropiki ambalo ramani yake iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha eneo la takribani kilomita za mraba 145,000, likiwa limefungia kaboni inayokadiriwa kufika tani bilioni 30. Watu wetu wanaishi juu ya udongo ule ule uliochimbwa Giethoorn na kuizamisha Beulake. Mkenya, Mtanzania au Mkongo akikaa ndani ya boti ya umeme pale, ana maswali mazito zaidi kuliko mtalii yeyote aliyepo majini siku hiyo.

Basi yaulizeni. Nani alikuwa na haki ya kuchimba, na nani alilipwa? Sheria za upana wa kanda zilikuwepo, kwa nini hazikushika? Mboji iliyokaushwa kwa ajili ya malisho hushuka kimo mwaka hadi mwaka na kutoa hewa ya ukaa; wakulima wa jirani wanafanya nini juu ya maji yao? Mwongozaji mzuri atafurahi kupata watu wa kumhoji hivyo. Akikwama, msimkasirikie: Sint Jansklooster, mwendo mfupi kwa gari, kuna kituo cha wageni cha shirika la Natuurmonumenten, na mnara wa zamani wa maji wa kupanda ngazi hadi juu na kuona mashimo yote yalivyopangwa, ukanda na shimo, ukanda na shimo. Mchukueni mpande naye.